Nyuzi Tisini na Nane

Mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mjomba wako, mtu ambaye akipiga chafya tu kiwandani, mji mzima unakosa barafu.

Barua yako nimeisoma. Kurasa tatu! Eti kipimajoto ulichonizawadia kinasoma farenhaiti, kwa hiyo ile tisini na nane niliyoiona siku ile haikuwa homa ya kufa. Nitoe thelathini na mbili, nizidishe kwa tano, nigawe kwa tisa, nipate selsiasi thelathini na saba ya mtu mzima. Upuuzi! Nilikuwa nahema kama mvukuto.

Tena unanifundisha baridi, mimi msimamizi wa barafu! Eti baridi ina mwisho, nyuzi mia mbili sabini na tatu chini ya sifuri, na kushuka zaidi haiwezekani. Nani alifika huko akarudi kusimulia? Eti tukianza kuhesabu hapo, mwili wangu una mia tatu na kumi. Hilo nimelitangaza kiwandani: "Nimefika mia tatu na kumi na sijafa!"

Msaidizi wangu, yule Domo, akacheka. "Mzee, hata mbuzi anafika."

Mjinga huyo ndiye mwenye funguo zangu za kiwanda. Nilimkabidhi siku ile ya homa, nikawaaga wote kwa machozi. Sasa bosi anasema, "Geuza hizo nyuzi ubaoni. Ukipata, funguo zako."

Nilitoa thelathini na mbili vizuri sana. Kisha nikasimama na chaki, Domo akamalizia.

Nimepewa mpaka Jumatatu. Niandikie tena zile kurasa, mwanangu. Za kwanza niliwashia jiko.

Mjomba wako, bado mzima