Waliojibu Alhamdulillah

Timbwani, Likoni
Mfungo Pili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia, na kuku wa jirani yako Nyevu wameacha kufukua mihogo yako. Mjukuu wako Jalila ameota meno mawili, na huniuma nayo. Nakuandikia kwa sababu simu waipokea barazani, na haya si ya baraza.

Nimepata kibarua cha mwezi mmoja. Zahanati moja ya huku iliwapa wanawake waliojifungua karatasi za maswali. Swali la mwisho halina visanduku vya kutia alama; mtu aandika mwenyewe anaendeleaje nyumbani. Nazisoma huku nanyonyesha, na kila jibu nalitia fungu lake: maji, mshono, mume, chakula. Mkubwa wangu ni Justus, kijana wa bara, mpole ila ana haraka. Aliniagiza kila jibu linaloanza na Alhamdulillah nilitie fungu la Wako Sawa, nisipoteze wakati.

Nilifanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikasoma moja hadi mwisho: Alhamdulillah, ila tangu nijifungue sijazungumza na mtu mzima. Basi nikazirudia zote themanini na saba nilizozitia Wako Sawa. Nikamwambia Justus kwamba kwetu neno hilo ni hodi tu, mtu bado hajaingia ndani. Akacheka, akasema nalipwa kusoma karatasi, si mioyo, na kwamba watu wa pwani hata nyumba ikiungua watashukuru kwanza. Nikamjibu ndivyo, na yeye ataandika hakuna moto. Akachukua rundo, akaanza kusoma mwenyewe.

Tukabishania zile zilizoandikwa neno hilo moja, basi. Ni thelathini na nne. Wallahi nilikataa kuziita Wako Sawa. Nikasema zikae fungu la Hawajasema, na wanawake hao waendewe majumbani, waulizwe kwa mdomo. Amekubali, ingawa amenuna.

Mama, tangu siku hiyo sina raha. Kila mwezi waniuliza Abubakar hajambo, nami nakujibu neno hilo moja, basi. Abubakar aliniacha mwezi wa Rajabu. Eda nimekaa peke yangu. Ramadhani nzima nimefuturu na mtoto asiyejua kushika tende, nawe huko waniombea ndoa yangu idumu. Niliona haya kukwambia. Nisamehe.

Wajomba wasiende kwake kusuluhisha. Hilo silitaki, na usinishawishi. Nakutaka wewe. Njoo ukae nami hata wiki mbili. Ukifika mchukue mtoto, uniache nilie kwanza, kisha nitakueleza yote.

Nisalimie Nyevu na wanawe. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao akungojaye,
Mwanatabu