Kabati Lililokuwa Nguzo

“Mama Pacha, hili kabati halitoki, limebeba dari!”

“Kama hulitaki sema, usinitafutie visingizio!”

Baba Pacha, hivyo ndivyo tulivyoamka na jirani yetu fundi cherehani. Nilimgawia lile kabati kuukuu la gerejini atundikie nguo za wateja, kumbe nagawa nguzo! Mbona hukuniambia dari yako ya kuwekea vitu imekalia kabati upande mmoja? Tulilisogeza kidogo tu, mbao zikalia, sanduku la mama yako likateleza hadi ukingoni, juu kabisa ya pale pacha wanapoweka baiskeli.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo soma vizuri. Asiingie mtu gerejini, hata kufuata mpira. Gari libaki nje. Chakula kiko jikoni, kimefunikwa.

Nimekwenda kumleta seremala aweke nguzo za kweli. Usiniambie utaongeza misumari. Ile ya kwanza nimeiona, inachungulia nje kama inataka kutoroka.

~~Leo utalala humo humo, chini ya dari yako.~~ Tutaongea nikirudi.

Jirani amekaa mlangoni mwa gereji, habanduki mpaka ufike, pacha wasije wakatangulia. Bado amenuna. Nimemwomba radhi, kaguna tu. Usimpelekee sahani pale nje kama mlinzi. Mshike mkono, mwingize ndani, mle wote mezani.

Mama Pacha