Orpha na Vijiwe vya Newtown

Shoga, upo? Orpha wetu, yule mwimba kwaya, leo kaenda nami kupigiwa ramli sokoni Newtown. ORPHA!

Si unajua Gradi kamposa na anataka jibu Jumapili? Basi kamfuata Lerato, dada mmoja anayetumia vijiwe vyenye herufi za kale za Wazungu. Herufi ikitoka wima ni heri, ikitoka kichwa chini ni kikwazo.

Orpha kachomoa cha kwanza kwenye kifuko cha Lerato. Kichwa chini. Lerato kasema, "Ndoa hii ina mivutano." Orpha kanyoosha kidole, kakigeuza kijiwe. "Na sasa?"

KAKIGEUZA, shoga!

"Eish, dada, hakigeuzwi!"

"Lakini nimeshakigeuza. Soma."

Cha pili vilevile, kageuza. Cha tatu Lerato kakifunika kwa kiganja, Orpha akawa anambandua vidole kimoja kimoja, jasho linamtoka! Watu wamejaa, wanacheka. Mimi natafuta pa kujificha.

Hapo Lerato akamwambia taratibu, "Dada, wewe hukuja kuuliza. Jibu unalo."

Machozi yakamlengalenga Orpha. Halafu palepale kampigia Gradi: "Nimekubali." Mwanaume kapiga kelele mpaka mimi niliye pembeni nikamsikia!

Gradi akamuuliza nini kimemfanya aamue mapema hivyo. Bila hata kupepesa macho, Orpha akajibu, "Nimefunga na kuomba, mpenzi."

Kafunga! Na shavu limejaa andazi!