Jina Ulilosema Nichukue

Nyumbani,
Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho.
Jumapili alasiri.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje, na bado wanakupanga zamu ya asubuhi kwenye zile mashine za kufulia? Mara ya mwisho ulisema mvuke wa mle ndani unakukausha koo. Natumaini wamekuhamishia kwenye kukunja mashuka kama ulivyoomba. Na kidonda cha operesheni, tafadhali usiniambie "kimepona" haraka haraka kama unavyomwambia Mama. Niambie kama bado kinavuta ukiinama.

Sisi ni wazima, ila tumechoka. Nasema "tumechoka" kwa adabu tu, aliyechoka ni mimi. Mtoto ananyonya kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nikilala anaamka, nikiamka analala. Jana niliweka simu ndani ya jokofu na kuacha maziwa mezani. Shemeji yako, aliyeshinda kutwa akitengeneza majokofu ya watu, akalifungua la kwetu, akaitoa simu, akaniuliza kwa upole kama nayo ilikuwa imeanza kuchacha. Sikucheka. Nilicheka baadaye, bafuni, peke yangu, na kicheko kikaelekea kuwa kilio, nikanawa uso nikatoka.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Ukiona mazungumzo yanaelekea usikotaka, unatia utani, kisha unasema kuna mtu anakuita. Na huku Mama hakai mbali na simu. Nikisema "halo" tu anauliza ni nani. Barua haikatizwi. Isome yote, hata ukikasirika katikati.

Jambo lenyewe ni jina la mtoto. Najua unadhani lilikwisha. Halikwisha.

Unajua kazi yangu pale kwenye duka la keki. Majina ya watoto wa kiume nimeyaandika kwa krimu mpaka mkono unayajua bila mimi: Ethan, Liam, Ryan, Jayden, Adam. Jumamosi haipiti bila hao. Mwenzangu wa tanuri, yule tunayemwita Hamira kwa jinsi alivyoumuka, husema tungekuwa na akili tungechonga mihuri tukawa tunagonga tu. Kwa hiyo nilipobeba mimba niliapa kwamba wangu atapata jina ambalo sijawahi kuliandika juu ya keki. Msomi mzima, nilijiambia, sitashindwa. Nikasoma, nikakusanya, nikayatamka mbele ya kioo. Kila jina la pekee nililolipata lilinionyesha mtoto amesimama darasani akieleza maana yake kwa watu wasiotaka kujua. Mwisho nikachoka hata na upekee. Nikataka jina la kawaida, lenye wenzake wengi, ambalo mtoto anaweza kulitia mfukoni akaenda zake kucheza.

Shemeji yako alitaka Jayden. Hana sababu. Anasema sababu ni za watu waliosoma. Mimi nikakataa, kwa kuwa nikilisikia Jayden naona krimu ya buluu na mama mteja anayelalamika kwamba herufi zimebanana.

Hapo ndipo Mama akaleta lako.

Alikuwa anakunja nepi. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kwamba kabatini kuna sukari. "Si kuna Adam? Zuri, fupi. Dada yako alilichagua hata ungo hajavunja. Litakaa tu mpaka lini?"

Wewe na mimi tunajua jina hilo lilivyoingia nyumbani. Ulisema ni jina unaloweza kuliita dirishani mara moja tu likafika bombani wanakocheza watoto, na huko hakuna wa kulikata wala kulibandika utani. Tukaanza kukuita Mama Adam ili uone haya. Hukuona haya hata kidogo. Uliitika mbele ya wageni. Majirani wakalidaka, ukawa ndiye huyo. Siku ile unaondoka, yule mama mshonaji wa chini alipokuaga, "Safari njema, Mama Adam," ulimjibu kwamba Adam akija utamleta apimwe suruali. Baadaye mji mzima ukaanza kuwaita wanawe Adam, nawe ukawa unasema kwenye simu, "Wananiiga hao." Lilikuwa limeshakuwa jina la kila mtu, lakini humu ndani liliendelea kuwa la mtu mmoja ambaye hajafika.

Kisha ikaja ile operesheni. Ulituambia madaktari wametoa kizazi, na pumzi iliyofuata ukauliza kama mvua zimeanza.

Kwa hiyo nilimwambia Mama hapana. Akasema hapana yangu haina kazi, mwenye jina yupo, aulizwe. Akakupigia papo hapo akaweka spika, mimi nimekaa pembeni na mtoto kifuani. Ukasema, "Chukueni tu. Mimi la nini sasa?" Ukacheka. Ulikuwa unaosha vyombo, nilisikia. Baada ya kicheko maji yaliendelea kutiririka lakini vyombo viliacha kugongana. Mama hakulisikia hilo. Alikata simu ameridhika. "Umeona? Ametoa kwa moyo mmoja. Wewe ndiye una moyo wa karatasi."

Labda kweli ulitoa kwa moyo mmoja. Nimeligeuza hilo kila upande. Labda maji yalikuwa ya moto tu ukasubiri yapoe. Unajua ugonjwa wangu wa kusikiliza vitu ambavyo watu hawakusema. Kama nimekosea, kosa ni langu.

Lakini nisijifanye mwema kuliko nilivyo. Baada ya simu ile nilifurahi. Shemeji yako aliliacha Jayden lake bila ugomvi, alisema tu, "Kama ni la Dada, basi." Nami nikaanza kumwita mtoto Adam nikimwogesha, nikimbadilisha, nikimtembeza chumbani. Linamkaa vizuri. Nakuambia hili ili usije ukadhani nililikataa kwa sababu sikulipenda. Nimelipenda sana, na ndiyo maana jambo hili limenichosha hivi.

Jumanne nilishuka kununua sabuni, mtoto mgongoni. Nilipofika ngazi ya mwisho nikasikia nyuma yangu, "Mama Adam!"

Nikageuka kukutafuta, Dada. Niliangalia mpaka mlango wa barabarani. Nilidhani umekuja bila kutuambia kama ilivyo tabia yako, umesimama pale na mkoba wako mwekundu unasubiri tupige kelele. Moyo wangu ulishatangulia kukupokea. Hapakuwa na mtu. Mama mshonaji alikuwa mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni, anacheka mpaka anashika ukuta.

"We, nakuita wewe! Unatafuta nani?"

"Nisamehe, ni usingizi."

"Ndiyo ukubwa huo, uzoee. Hebu mlete nimwone. Huyu nimemsubiri mimi, mpaka mashine imezeeka!" Akamfunua uso, akamgusa shavu. "Kumbe umepitia mlango mwingine, bwana?"

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa na furaha. Nilipanda ngazi nikarudi bila sabuni.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, na hapo ndipo nilipoona tunachokifanya. Nilikuwa nimefikiria jina la mtoto tu. Sikuwa nimefikiria la mama. Ningemwita Adam, kesho yake mimi ningekuwa Mama Adam, kwenye ngazi, kazini, kliniki, kila mahali, na wewe ungekuwa nani? Hilo ndilo jina unaloitwa hapa tangu usichana wako. Siku ukija likizo mtu akaita uani, tungegeuka wote wawili. Kisha wewe ungejifanya hukuwa umegeuka. Najua kabisa ungefanyaje: ungeinama kufunga kiatu. Ungeinama na kidonda hicho hicho, ili mimi nisione haya. Nikaona siwezi.

Alhamisi tulikwenda kumwandikisha. Benchi lilikuwa refu, watoto wote wanalia isipokuwa wetu, ambaye alikuwa ameweka akiba ya kulia nyumbani. Karani akauliza jina. Shemeji yako alikuwa ameshafungua mdomo.

"Jayden," nikasema.

Akanigeukia. Karani hakuinua hata macho. "Jayden mwingine. Leo mmekubaliana?"

"Andika tu, dada."

Tulipotoka nje mume wangu alisimama juani akanitazama. "Umechanganyikiwa, au umenipenda ghafla?"

"Vyote viwili."

"Na Mama je?"

"Mama niachie mimi."

Nadhani alielewa, maana watu wa kazi yake wamezoea kusikiliza mashine kabla ya kuifungua. Alimbeba mtoto njia nzima akimwita "Jayden", ananyamaza, anamwita tena, kama fundi anayejaribu swichi.

Mama nilimwambia jioni ile. Aliendelea kukunja nepi. Ijumaa akaamka anaendelea kana kwamba sikusema kitu. Adam kashiba. Adam kajikojolea. Nani kamtoa Adam soksi? Kila aliposema Adam nilisema Jayden. Tulishinda hivyo. Sikupaza sauti, sikuwa nayo. Ni kazi ngumu kubishana na mama yako wakati blauzi imelowa maziwa na yeye ndiye aliyeshika taulo.

Jana alikuwa anatayarisha maji ya kuogea. Akaliweka beseni chini kwa nguvu kidogo, akaketi kwenye kigoda. Akasema bila kunitazama, "Nilitaka nilisikie likiitwa humu ndani kabla sijafa. Hiyo nayo ni dhambi?"

Dada, nilikuwa nimemkasirikia siku nzima kwa niaba yako. Nilimwona mnyang'anyi. Kumbe muda wote huu naye alikuwa anamsubiri mtu huyo huyo, na alipomkosa kwako akadhani anaweza kumpata kwangu. Nikasema neno nililokuwa nalo.

"Adam ni mtoto wa Dada, Mama. Huyu ni wangu."

Alitazama maji. Alichovya kiwiko, akaongeza ya moto, akachovya tena ingawa alishayapima. Kisha akanyoosha mikono.

"Haya. Nipe huyo wako, basi, maji yanapoa."

Akamwogesha bila kumwita chochote. Leo anamwita Bwana Mkubwa. Jayden bado halijamtoka mdomoni, na sijamlazimisha.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mtoto wa mdogo wako ana jina ambalo analichangia na nusu ya watoto wa mtaa, na nimeshaacha kuona krimu ya buluu nikilitamka, naona yeye. Sikuambii habari za miujiza, hatukulelewa hivyo, na wewe na daktari wako mmeshaongea yote. Ninachosema ni kwamba jina si gauni ambalo mtu likimpwaya lazima amrithishe mdogo wake. Hukuombwa vizuri, na ulijibu ukiwa umesimama, mikono ina povu. Jibu la namna hiyo mimi silipokei. Ukitaka kukaa nalo mpaka uzeeke, kaa nalo. Na kama kweli ulitaka alichukue yeye, nikasirikie, niandikie kwa hasira yako yote. Nitaisoma taratibu wakati ananyonya.

Mama mshonaji nimeshamweleza, mwenyewe, siku moja baada ya kuandikisha. Alisikiliza na pini mdomoni. Alipozitoa alisema tu, "Nilijua huyu ni mwembamba mno kuwa Adam." Ukija likizo atakuita vile vile kutoka mlangoni kwake, na atakayegeuka utakuwa wewe peke yako.

Shemeji yako anakusalimu, anasema lile jokofu la chumbani kwako likianza kuunguruma usilipige teke, lisogeze mbali na ukuta. Hamira anakusalimu na anauliza kama huko kuna wanaume wanaopenda wanawake wanaokula. Mjomba miguu imepungua kuvimba, anakutajataja. Mama anakusalimu. Amechungulia mara mbili akauliza ninaandika nini kirefu hivyo, nikamwambia ni barua yako, akasema nikuandikie ule vizuri na usilale na nywele mbichi.

Nisalimie wenzako wote wa mashineni, hasa yule anayekushikia zamu mgongo ukikaza. Mungu akulinde kwenye mvuke wa huko, na akupe usingizi ambao mimi huku sina. Niombee na mimi nipate hata kipande.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokubishia,

Mama Jayden