Jina la Kuitwa Mlangoni kwa Jirani

Marahaba, Zuhura mjukuu wangu. Huku Kitomanga hatujambo. Ufuta tumeshavuna, na babu yako kikohozi kimemwachia.

Unaniuliza kama hicho kijibwa chako kinachotafuna viatu kiitwe Mtanikoma, ili jirani asikie. Nilipokuwa mtoto tulifuga mbwa mtundu vilevile, wa kufukuza ngedere shambani. Mama alimwita Wachoyo, kumrushia kijembe jirani yetu Bi Somoe, na kila asubuhi alimwita kwa sauti.

Siku moja chumvi ikatuishia, mama akanituma kwa huyohuyo Bi Somoe. Alikuwa ananifungia chumvi kwenye jani pale mbwa wetu alipoingia mbio akadaka samaki wake mkavu. Ilinipasa nimwite. Nikaanza, "Wa...", nikaishia hapo.

Bi Somoe akamwita mwenyewe, tena kwa upole: "Wachoyo, njoo baba." Akamwachia samaki. Mimi akaniongezea chumvi.

Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Hilo Mtanikoma, mjukuu wangu, jaribu kwanza kuliita umesimama mlangoni kwa huyo jirani, kibakuli kitupu mkononi.

Bibi yako,
Mwanaisha