Fiba Inayokatika Saa Nne na Robo

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu wa hospitali kanipa hadi Ijumaa nipime ghala mbili za picha za eksirei, ipi ya kuaminika. Ya zamani inapitia fiba, waya wa mwanga, njia yake peke yake. Mpya inapitia mtandao wa kawaida, huohuo wa barua pepe na printa. Itakayoshindwa inang'olewa. Na ya zamani ina picha za wagonjwa za miaka kumi na minne! Mapafu ya mama yamo humo.
Shemeji, mume wa dada, ndiye fundi wa seva. Anaisifia mpya kama mchumba wake. Kazi hii alinitafutia yeye, basi nimemsikiliza.

Jumanne, 4 Machi
Fiba imekatika saa nne na robo. Dakika sita. Haijawahi! Shemeji anasema ni uzee. Uzee wa kuja siku moja?

Jumatano, 5 Machi
Tena. Saa nne na robo, dakika sita. Mpya haijakohoa hata mara moja.
Nimekagua. Fiba yenyewe ni nzima — ila kisanduku kinachoiunganisha kinakosa umeme. Visanduku vya ghala zote mbili ni pacha, vimekaa bega kwa bega. Nyaya zao za umeme zinatofautishwa na utepe tu: mwekundu kwa ghala ya zamani, wa buluu kwa mpya.
Ufunguo wa chumba tunao watatu: mimi, shemeji na mganga mkuu, ambaye hata printa anawashiwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Najichukia kuwaza hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimehamisha tepe: nyekundu kwenye waya wa mpya, ya buluu kwenye wa zamani. Sijamwambia mtu.
Saa nne na robo imekatika — mpya! Fiba imesimama kidete. Umeme hausomi rangi. Huu ni mkono wa mtu.
Rekodi nimeiona mimi tu. Saa tano shemeji kapita mezani kwangu na kikombe chake.
“Pole, shem. Fiba imekatika tena, eeh?”
Nimeitikia ndiyo. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga simu, sauti ya furaha. Mpya ikichaguliwa, wauzaji wake watamwajiri mumewe. Kasema nisimwangushe, na mimba ni ya miezi saba.
Fomu iko mbele yangu. Kwenye “ya kuaminika” nimeandika “fiba”, sijasaini. Mganga mkuu anaisubiri.
Shemeji katokea mlangoni. Kaurudisha mlango nyuma yake. Kauliza polepole, “Shem, nani kagusa zile tepe?”
Sijainua kichwa. Naandika tu hapa, adhani ni fomu. Anakuja upande wangu wa meza —