Kompyuta Nane na Tangazo la Tatu

Jumapili, 8 Septemba 2024

Tangazo la pili limesomwa. Mchungaji ametaja majina yetu, Alen Nathanaeli na Eliza Danieli, kwa mara ya pili, nikasimama peke yangu upande wa akina mama. Upande wa wanaume akasimama baba yake. Ndivyo tulivyo katika usharika wetu: jina likitajwa mnasimama wote wawili, na asiyekuwepo husimamiwa na mzazi wake, ili mwenye pingamizi ajue anampelekea nani. Mzee Nathanaeli alisimama wima, kofia kifuani, utadhani anaoa yeye. Watu wakatabasamu. Mimi nikaangalia kucha zangu.

Tangazo la kwanza Alen alikuwepo. Kesho yake akapanda basi la alfajiri kwenda Morogoro, kazi ya kufunga mitandao kwenye jengo jipya — siku tano tu. Zimeisha Ijumaa.

Nje ya kanisa Mama Jenoveva wa kwaya akaniuliza mbona mchumba kimya. Nikasema mtandao unasumbua. Akakubali, na waliosimama karibu wakakubali! Hapa Mtae ukiusingizia mtandao hakuna wa kukubishia.

Uongo mtupu. Nimepiga mara mbili, simu inaita mpaka inakata. Mwanamke aliyetangazwa mara mbili hapigi simu mara tatu. Nimemwandikia WhatsApp: Tangazo la pili tayari, uko salama? Tiki mbili. Zikageuka bluu. Nikazikodolea macho mpaka maharage yakaungua jikoni, mama akaja kuuliza kuna nini. Hakuna jibu.

Nimezima data. Asipojibu, nisijue. Akijibu, jibu litanisubiri. Hiyo ndiyo akili yangu ya leo.


Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mchungaji kaniita. Jumapili ijayo, baada ya ibada, washarika wote watapita kuona chumba cha kompyuta kikifunguliwa. Kompyuta nane, zimetumika lakini nzima, tulizopewa na marafiki wa usharika. Hazina mfumo wowote ndani. Alen ndiye aliahidi kuziwekea Linux — ya bure, haisumbuliwi na virusi, kazi ya wiki moja, alisema. Mchungaji anauliza fundi anarudi lini.

Mtandao unasumbua, nikasema. Halafu mdomo wangu ukaongeza kwamba nitaziweka mimi mwenyewe. Nina diploma ya kompyuta! Tangu niposwe na fundi watu wameisahau, na nadhani hata mimi.

Flash yenye mfumo aliniachia. Kompyuta ya kwanza ilikwenda vizuri. Lugha, saa, jina, nywila. Nikafurahi kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha ikafika kwenye mtandao, ikaandika kwamba haijaona kadi yoyote ya mtandao kwenye mashine hii.

Haijaona! Kifaa cha intaneti cha ofisi kiko chumba cha pili, kinatoa wi-fi tu, hakina tundu la waya. Simu yangu inaiona hiyo wi-fi hata nikiwa uwanjani. Kompyuta iko hatua kumi, haioni kitu. Nikajaribu ya pili, nikajaribu ya tatu. Zote zinasema vilevile.

Zamani ningemwita Alen. Angekuja huku anapiga mluzi, angeniambia sogea kidogo, tungegusana mabega.


Jumanne, 10 Septemba 2024

Asubuhi nimempigia Halima. Tulisoma naye diploma, sasa ana banda la kutengeneza kompyuta Lushoto mjini. Kuja hawezi, barabara yetu anaijua. Hakuuliza habari za harusi, Mungu ambariki. Kaniambia nifungue mashine, nichomoe kadi, nisugue meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, kisha niirudishe.

Nilikuwa chini ya meza nasugua, Mzee Nathanaeli akaingia. Saa nne hivi. Kabeba meza ya nane kichwani, ya mwisho. Meza zote kazitengeneza yeye, mbao za msonobari, hakutaka malipo. Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia, akakaa kwenye benchi apumue. Kisha akatoa mfuko wa nailoni, na ndani kuna koti. Lile la kijivu la siku ya posa. Kalipeleka kwa fundi cherehani likazibwa kwapani na kuwekwa vifungo vipya. Akasema Alen asipowahi Jumapili atasimama tena yeye, na safari hii asiniaibishe kwa sweta.

Nikamwambia hajawahi kuniaibisha. Hilo ni kweli.

Akauliza kama mtandao bado. Yeye ana kitochi, hana WhatsApp, na mwanawe hajampigia tangu aondoke. Nikasema bado, baba. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo milima hii, akaenda shambani kwake akiwa ametulia kabisa. Uongo wangu umemtuliza. Mimi ndiyo unanitafuna.

Ufutio haukusaidia chochote.


Jumatano, 11 Septemba 2024

Kuna amri unaandika, kompyuta inaorodhesha kila kilichochomekwa ndani yake. Halima kanitajia herufi mojamoja kwa simu. Nikaandika. Orodha ikashuka, na mstari wa kumi na mbili — kadi! Jina la kampuni yake, namba yake, kila kitu. Ipo. Siku zote ilikuwepo.

Nikamuuliza Halima inakuwaje kitu kipo na kimeorodheshwa halafu mashine inasema hakipo. Akacheka. Akasema mfumo unajua kuna kitu kimekaa pale ila haujui kuongea nacho. Unahitaji draiva. Kampuni iliyotengeneza kadi hizi imeifungia draiva yake, watu wa mfumo wa bure hawaruhusiwi kuiweka kwenye flash. Lazima ipakuliwe kutoka kwenye mtandao.

Yaani ili nipate mtandao, niwe na mtandao!

Nikacheka na mimi. Kisha simu ilipokatika nikalia. Nililia kwa sauti, nimelaza kichwa kwenye meza ya baba mkwe, inanukia msonobari. Nimechoka kujikaza. Nampenda yule mtu. Nampenda tangu akiwa na baiskeli isiyo na breki. Nimemkasirikia kiasi kwamba akitokea mlangoni sasa hivi sijui nitamkumbatia au nitamrushia ile kadi.

Jambo ninalolitaka ni moja tu, niliandike hapa ambapo hakuna wa kunicheka: Jumapili jina langu likitajwa, nigeuze macho upande wa wanaume nimuone yeye.


Alhamisi, 12 Septemba 2024

Sikufungua chumba. Ukungu siku nzima, hata bondeni hakuonekani. Gauni limefika kutoka Lushoto. Mama kalitundika sebuleni ili lijinyooshe. Nimekula chakula cha mchana nimeligeuzia mgongo.

Mama anaosha vyombo polepole tu, kama kuna mgonjwa ndani.


Ijumaa, 13 Septemba 2024

Halima kapiga mwenyewe. Kaanza moja kwa moja: simu yangu ni ya kisasa au siyo? Nikasema ni ya kisasa. Waya wa chaji ninao? Ninao.

"Sasa unahangaika nini, shoga? Washa data, chomeka simu kwenye kompyuta kwa huo waya, iruhusu igawe mtandao. Kompyuta itadhani ni waya wa kawaida, haitahitaji ile kadi. Ukishapata draiva moja, zile saba nyingine unazihamishia kwa flash."

Rahisi hivyo! Siku tatu nimelala chini ya meza na ufutio.

Lakini — washa data.

Nikamwambia bando limeisha. Hata haya sikuona. Akauliza kama nimegombana na Alen. Nikasema hapana, na kweli hatujagombana, angalau ugomvi una maneno. Akasema sawa. Baada ya dakika mbili ukaingia ujumbe wa kampuni ya simu: nimetumiwa bando na Halima, la wiki nzima.

Sasa sina pa kujificha.

Ningeweza kuazima simu ya Mchungaji. Ningeweza hata kumwomba Mama Jenoveva, ana simu kubwa kuliko redio. Nimekaa kwenye ngazi za kanisa nikiwaza hayo. Tambarare ya Mnazi yote ilikuwa wazi chini, jua limeipiga, na alama za mtandao kwenye simu zimejaa, nne kwa nne. Haujasumbua hata siku moja.

Nimeamua simwazimi mtu. Si ujasiri. Nimechoka kutojua. Na ukweli wote ni huu: nina tumaini. Alen si mtu wa kupiga simu, ni mtu wa kuandika. Hata kunichumbia aliandika. Huenda ameandika kila siku, na mimi mjinga nimejifungia mlango. Huenda yuko kwenye basi sasa hivi.


Jumamosi, 14 Septemba 2024

Saa nne kasoro. Niko chumba cha kompyuta. Naandika harakaharaka.

Nilipofika, Mzee Nathanaeli alikuwa ameshanitangulia mlangoni. Kavaa lile koti — analizoeza, anasema, lisije likambana kesho. Amesikia kwamba leo mashine zitawaka, na kwa vile meza ni zake, anataka kuona zimebeba nini. Nikamwekea benchi karibu yangu. Ningemwambiaje aende?

Nikachomeka simu. Tundu lake la chaji limelegea, ukiigusa tu inakatika, ikabidi niilaze juu ya Biblia ya ofisi na kuukandamiza waya kwa kopo la kalamu. Nikawasha data.

Kompyuta iliona mtandao palepale! Kona ya juu alama ikageuka. Nikaiambia itafute draiva, ikaitafuta, ikaipata, ikaanza kupakua. Asilimia mbili. Asilimia tano. Nikasema Asante Yesu kwa sauti, na mzee akaitikia Amina.

Ndipo simu ikaanza. Inatetemeka juu ya Biblia kama ina homa. Kundi la kamati ya harusi, ujumbe mia na kitu: maua, kwaya, nani anapika, nani ana masufuria makubwa. Shangazi wa Gare. Mshona magauni. Kamati tena. Natazama majina yakipanda, yanapanda, jina moja tu silioni.

Kisha nikaliona.

Moja. Wiki nzima, ujumbe mmoja. Sikuishika simu, niliugusa kwa kidole tu ukafunguka. Ni wa Jumanne. Saa nne na dakika ishirini asubuhi.

"Eliza, mwambie baba asinisimamie Jumapili. Nimeshindwa kumwambia mwenyewe. Nisamehe."

Basi. Hakuna juu yake wala chini yake. Hakusema kwa nini. Hakusema yuko wapi. Hata hakusema hatakuja, kaniachia mimi nijumlishe.

Jumanne saa nne. Saa ileile mzee alikuwa hapa, kwenye benchi hili hili, ananionyesha vifungo.

Siwezi kulia. Mzee yuko hapa. Nimefungua daftari ili nionekane nina kazi, na kweli anadhani ninaandika mambo ya kompyuta, kanyamaza asinichanganye. Kalamu inachimba karatasi. Nilitaka kujua. Haya, nimejua. Nilitaka nigeuze macho upande wa wanaume. Nimegeuza: kuna mzee mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi, kofia magotini, anaiangalia skrini.

Ningekuwa na akili ya Jumapili iliyopita ningeizima data tena. Nikiizima naipoteza draiva, na kesho kuna washarika mia mbili na kompyuta nane vipofu. Asilimia arobaini na nne.

Nani huachiwa kazi kama hii? Kuachwa ni kwangu, na habari ya kuachwa niipeleke mimi! Angalau angempigia babaye hata aseme uongo. Mimi nimemsemea uongo wiki nzima, kwa moyo mmoja. Mwenyewe nimemfungia mzee wa watu masikio, nimemwambia mtandao, mtandao, naye akaenda kuweka vifungo.

Tena namuonea huruma kuliko ninavyojionea. Mimi nitalia, nitanuna, mama atanipikia magimbi, nitapona au sitapona. Yeye nitamvua koti kwa maneno gani?

Hamsini na tisa.

Simu imetetemeka tena, ni kamati. Mzee kaiona. Kaiangalia simu, kaiangalia ile alama ya kompyuta, akanigeukia taratibu.

"Mtandao umerudi, mama?"

Nimesema umerudi, baba. Sauti ilitoka nzuri tu, sijui imetoka wapi.

"Ashukuriwe Mungu. Na mwenzio je, anasemaje?"

Nimemwambia tungoje kidogo, mashine inapakua, simu nikiigusa itakatika tuanze upya. Hilo si uongo. Kati ya yote niliyomwambia wiki hii, hilo ni la kweli.

Kafunga kifungo cha juu cha koti, akakaa sawa. Anasema hana haraka, maharage kashapalilia, atasubiri mpaka iishe.

Sabini na nane.

Hawezi kusoma Kiingereza cha pale kwenye skrini, lakini namba anazijua. Ameanza kunisomea kwa sauti ndogo, kunisaidia.

Themanini na tano, mama. Tisini.